Baki la Kiini 4417

TANGAZO. Watumishi wote wa Idara ya Mizani ya Bonde wanaarifiwa kwamba, kuanzia Jumatatu ya wiki hii, vikombe vya chai vilivyovunjika mpini havitaruhusiwa ndani ya Ukumbi wa Mizani. Mtumishi atakayekutwa na kikombe cha namna hiyo atakiacha kwa mlinzi, atapewa stakabadhi, na atakichukua jioni. Idara inasisitiza kwamba hatua hii inalenga usalama wa mitambo na haimlengi mtumishi yeyote.

Atuganile Mwasomola alilisoma tangazo hilo mara mbili mlangoni, kikombe chake kikiwa mkononi. Kilikuwa hakina mpini. Katika watumishi mia moja na sita wa Idara, mwenye kikombe cha namna hiyo alikuwa mmoja tu. Alikikabidhi kwa mlinzi, akapokea stakabadhi yenye mhuri, akaingia kazini.

Kazi yake ilikuwa kufunga hesabu ya maji. Bonde lote lilikuwa ndani ya Mizani, nayo Mizani ilikuwa ndani ya ghorofa mbili za chini zilizopozwa usiku na mchana. Mashine hiyo iliyakokotoa maji yote ya bonde: ya mvua, ya mito, ya udongo, na yaliyokuwa bado mawinguni. Iligawa ardhi katika viini elfu tisa na mia sita, kila kimoja mraba wa mita mia nne kwa mia nne. Ndani ya kiini haikujua mti wala nyumba wala kaburi, ilijua wastani. Sehemu arobaini tu ndizo ilizozitazama kwa wavu mwembamba ambao tundu lake halizidi kiganja: kuta za mabwawa, nguzo za madaraja, misingi ya hospitali. Sehemu hizo ziliitwa macho. Mashine ya kuliona bonde zima kwa kipimo cha kiganja haikuwapo, na waliowahi kukadiria ukubwa wake walikuwa wameacha kuizungumzia.

Tatizo lilikuwa mpakani. Jicho lilihesabu mpasuko mmoja mmoja wa udongo. Kiini kilichopakana nalo kilihesabu wastani wa mipasuko yote. Maji yaliyotoka upande mmoja hayakulingana sawasawa na yaliyoingia upande wa pili, na kwa sababu hiyo kila siku yalizaliwa ndani ya mashine maji ambayo hayakunyesha popote: mita za ujazo mia moja na hamsini, pengine zaidi kidogo. Yaliitwa baki. Njia sahihi ya kuyaondoa ilikuwa kusahihisha kila mpaka katika kila hatua ya hesabu, jambo ambalo lingekula saa kumi na moja za mashine kila siku. Njia ya Idara ilichukua sekunde nne. Mtunza baki alikata kiasi hicho chote kutoka katika kiini kimoja, akatia ufunguo wake, hesabu ikafungwa.

Saa tatu kamili Atuganile alitia ufunguo. Ukutani lilitokea neno IMEFUNGWA, na chini yake sifuri tisa. Watumishi walisimama kimya kwa dakika moja, kama walivyofanya kila siku ya kazi. Hakuna aliyekumbuka nani alianzisha desturi ya kusimama.

Alipoketi alikuta ujumbe wa mdogo wake, Ambokile, aliyeishi na mkewe Subilaga na watoto wawili katika makazi ya Lusekese.

"Dada, mlango wa jikoni umegoma kufunga. Wa sebuleni nao umeanza. Fundi anasema mbao zimevimba. Subilaga anasema aliyevimba ni fundi. Wewe unasemaje?"

Alitabasamu nusu, kisha akaacha. Mbao huvimba kwa unyevu. Lusekese ilikuwa kiini namba 4417, na kwa mujibu wa Mizani maji ya ardhini pale yalikuwa kina cha mita thelathini na moja. Hapakuwa na mteremko mkavu kuliko ule katika bonde zima.

Na 4417 ndicho kiini alichokikata baki asubuhi hiyo. Na jana. Na juzi.

*

Aliomba kumbukumbu za miaka tisa, akazijumlisha. Ilikuwa hesabu ya darasa la nne na hakuna aliyewahi kuifanya.

Makosa ya nasibu hufutana: leo yanazidi, kesho yanapungua, na mwisho wa mwaka hayana uzito. Wote Idarani walikuwa wamefundishwa hivyo na wote waliamini kwamba baki ni la namna hiyo. Atuganile alishuka na safu ya tarakimu akitafuta siku moja ambayo baki liliongezwa badala ya kukatwa. Alipita siku elfu tatu mia mbili na themanini na saba. Hakuikuta.

Jumla ilikuwa mita za ujazo laki nne na tisini na tisa elfu. Kwa udongo wa Lusekese, kiasi hicho ni tofauti kati ya kina cha mita thelathini na moja na kina cha mita tano. Kilima hakikuwa kimekauka. Kilikuwa kimekaushwa kwenye karatasi, sekunde nne kila asubuhi, na maji yenyewe yalibaki yalipokuwa, yakiongezwa na mvua za masika tisa.

Aliutafuta waraka ulioanzisha utaratibu huo. Ulikuwa na kurasa mbili. Ulisema baki litakatwa katika kiini kimoja tu kwa siku, ili lionekane na lisifichwe, na kwamba kiini kinachofaa ni namba 4417, kwa kuwa hakina watu bali matete na vyura. Sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya kwake.

Miaka mitano baadaye, Serikali ya Bonde ilipotafuta mahali pakavu pa kuwahamishia watu wa mabondeni, Mizani iliwaonyesha Lusekese. Walihamia watu elfu moja mia moja na arobaini. Ambokile hakuwa miongoni mwa waliolazimishwa. Yeye alimpigia dada yake simu akauliza ni wapi panafaa kujenga, naye alifungua Mizani, akatazama, akamjibu kwa uhakika wa mtu anayesoma saa ukutani.

Kisha alitazama utabiri. Mvua kubwa ya siku nne ingeanza Ijumaa jioni.

*

Jumanne alichukua ruhusa, akachukua na kikombe chake, akapanda Lusekese.

Makazi yalikuwa ya mistari iliyonyooka, nyumba za matofali zenye namba kubwa milangoni na bustani za parachichi nyuma. Kwa mtu aliyepita haraka palikuwa pazuri. Atuganile hakupita haraka. Aliona miparachichi ya safu ya chini yote imeinama upande mmoja, kama watu wanaosikiliza. Aliona ufa barabarani uliozibwa kwa saruji, na pembeni ya saruji ufa mwingine. Hapakuwa na upepo, na mahali fulani chini ya nyumba kitu kilikuwa kinatoa sauti ndogo, kama mtu anayemeza.

"Karibu, wifi," alisema Subilaga, mke wa Ambokile, bila kuinuka. Alikuwa akisukuma mlango wa jikoni kwa mgongo huku akimenya ndizi. "Usishangae, huu ndio ufunguo wetu siku hizi. Mume wangu alisema atautengeneza Jumapili. Hakusema ya mwaka gani."

"Mimi nimejenga nyumba," alisema Ambokile. "Mlango ni mambo madogo."

"Nyumba bila mlango ni banda, baba Nsajigwa."

Atuganile aliweka kikombe mezani, akakijaza maji hadi nusu, akachora kwa mkaa mstari ndani yake pale maji yalipogusa. Aliketi akakitazama huku wakila. Walimwuliza habari za mjini, akajibu. Walipomaliza, maji yalikuwa yameuacha mstari upande wa mlima na kuupanda upande wa bonde, kwa unene ambao asiyetafuta asingeuona.

"Meza mbovu," alisema Ambokile.

"Meza ilikuwa hivyo hivyo wakati nachora."

Walitoka nje.

Nyuma ya nyumba ya mwisho palikuwa na bomba la kupimia maji ya ardhini, la zamani. Mabomba kama hayo yalifungwa yote miaka kumi iliyopita, baada ya kuonekana kwamba vipimo vyake vinatofautiana na Mizani. Kifuniko kilikuwa kimeshikwa na kutu. Ambokile alikigonga kwa jiwe hadi kikazunguka. Atuganile alikuwa amekuja na kamba ya mita arobaini na jiwe dogo la kufunga mwishoni. Hakuifungua. Aliinama, akaingiza mkono ndani ya bomba, na kabla kiwiko hakijazama vidole vyake vikagusa maji.

Yalikuwa ya baridi sana. Alihisi yakisukuma, polepole, kwenda juu.

"Mbaya?" aliuliza mdogo wake.

"Muondoke kabla ya Ijumaa."

"Tuondoke twende wapi, dada? Wewe ndiye unayezijua hizo sheria."

Alizijua. Uzito wa watu na nyumba zao ulikuwa sehemu ya hesabu; kila kiini kilikuwa na idadi yake, na aliyehama bila amri ya Mizani hakupokelewa katika kiini kingine chochote. Askari waliolinda daraja la kutokea Lusekese hawakuwa na ubaya. Walikuwa na namba tu. Sababu moja ndiyo iliyoruhusu watu wengi kuvuka kwa pamoja, nayo ilikuwa msiba. Watunga sheria walithubutu kufuta mengi, lakini kuzika na kukaa matanga hawakuthubutu. Waombolezaji waliruhusiwa siku tatu, kwa idadi yoyote, na uzito wao ulihesabiwa kuwa mzigo wa muda, yaani haukuhesabiwa.

"Basi tunachokosa ni maiti tu," alisema Ambokile, akifuta kutu mikononi. "Huna wa kutuazima?"

"Mama mkwe alishakufa," alisema Subilaga. "Hawezi kufa tena."

Walicheka, kwa sababu ndiyo desturi yao, kisha wakatazama ule ufa barabarani.

*

Jumatano asubuhi aliingia ofisini kwa Mkuu wa Idara. Bwana Lwitiko Mbembela alikuwa mtu wa miaka sitini, makini, aliyeamini maandishi na aliyewatendea watu haki kila walipokuwa wameandikwa. Alisoma ripoti ya Atuganile hadi mwisho. Alirudi ukurasa wa pili, akajumlisha mwenyewe pembeni kwa penseli, na jumla yake ikawa ile ile.

"Bi Mwasomola, hapa umesema umeyaona maji."

"Nimeyagusa, Bwana Mkuu."

"Kwa kifaa gani?"

"Kwa mkono."

Aliandika neno "mkono" pembeni ya ukurasa, akalitazama, akalifuta.

"Naomba unielewe," alisema. "Sisemi umekosea. Ninasema maji hayo hayana mahali pa kuandikwa. Nikiomba jicho jipya lifunguliwe Lusekese, litahitaji siku kumi na mbili za kuandaa hesabu, na lazima nifumbe jicho jingine. Nifumbe lipi? La hospitali?"

"Mvua ni Ijumaa."

"Najua. Nimeisoma nami." Aliweka penseli chini. "Njia iliyobaki unayo wewe. Ufunguo wa baki ni wako. Leo ukiyarudisha yote 4417, Mizani itaona kilima kimejaa na itaamuru watu waondoke kabla ya saa ya chai. Daraja litafunguliwa, watapokelewa, hakuna atakayeuliza. Lakini hesabu lazima ifungwe. Hayo laki nne na tisini na tisa elfu utayatoa wapi?"

"Yanastahili kutoka kwenye mipaka ya macho yote arobaini. Ndiko yanakozaliwa."

"Waraka unasema kiini kimoja kwa siku. Mashine haitakubali zaidi. Ndivyo ulivyoagiza iwekwe."

Kiini chenye maji mengi kiasi hicho kilikuwa kimoja tu: Bwawa la Kasyeto. Milango ya bwawa haikuyatazama maji, iliitazama Mizani. Ikiambiwa bwawa limepungua, ingejifunga na kungoja hadi lijae tena, na maji ya kweli yangepanda mita tatu. Ukingo uliobaki ulikuwa mita moja na nusu. Chini ya bwawa palikuwa na mji wa watu elfu tisa, walioambiwa na Idara hiyo hiyo kwamba wako salama.

"Ufunguo sitauchukua," alisema Bwana Mbembela, "na wala sitakuambia uutumie. Kamati ya Bonde itakaa kikao cha dharura Jumamosi saa nne. Nitaiwasilisha ripoti yako kama ilivyo. Tafadhali punguza hapo kwenye vyura, haiongezi kitu."

*

Alirudi mezani kwake, akaweka ufunguo mbele yake, akafanya kile ambacho kazi ya miaka kumi na nane ilimzoeza kufanya. Alilinganisha. Elfu moja mia moja na arobaini upande huu, uwezekano wa asilimia kadhaa. Elfu tisa upande ule, uwezekano wa asilimia nyingine. Alizidisha, akagawanya, akapata tarakimu mbili zilizokaribiana kiasi kwamba tofauti yake ilikuwa ndani ya makosa ya makadirio. Ndipo alipotambua kwamba amewatendea watu wale kama kiini kinavyoutendea udongo. Katika tarakimu zake hapakuwa na mlango wa jikoni wala mgongo uliousukuma. Hofu aliyokuwa nayo tangu Jumatatu haikuwa tena hofu ya kilima.

Saa tano na nusu alipiga simu.

"Kikombe nilichokuachia kinasemaje?"

"Unene wa ukucha," alisema Ambokile. "Tangu jana. Nimemwambia Subilaga asifagie karibu na meza, kaniambia kikombe chako kina heshima kuliko mume."

"Una kilo ngapi?"

"Sabini na nane. Kwa nini?"

Mdogo wake hakuwa mjinga.

"Dada."

"Fomu ya kifo ina mistari mitatu," alisema Atuganile. "Jina, kiini, na uzito wa kukatwa. Hati ya daktari ilifutwa. Mashine haina haja nayo. Anayetia sahihi ni mtunza hesabu wa zamu, na leo ndiye mimi. Makaburi ya wazee yako Ilindi, ng'ambo ya daraja, kiini 4418. Msiba wa mtu wa Lusekese, watu wote wa Lusekese wanaruhusiwa kwenda."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa umekufa. Hutapokelewa popote tena. Hutapata maji ya zamu, wala dawa, wala nafasi ya kujenga. Nikikukata siwezi kukurudisha. Mashine haina mstari wa kufufua."

Kwa mbali, kwenye simu, alisikia mtu akisukuma mlango.

"Kwani humo ndani nimewahi kuwapo?" alisema Ambokile hatimaye. "Nilikuwa wastani. Nikate, dada. Ila usiandike sabini na tano kwa kunionea haya. Andika sabini na nane."

Aliujua uongo wa laki nne na tisini na tisa elfu, aliouandika kwa nia njema, kidogo kidogo, kwa miaka tisa, na kila siku watu wakasimama kuuheshimu. Huu wa pili ulikuwa wa kilo sabini na nane tu, nao ulikuwa na jina. Alitia sahihi saa sita kamili.

Kabla ya jioni Bwana Mbembela alikuja mezani kwake, akasimama.

"Poleni sana. Alikuwa na umri gani?"

"Thelathini na minane."

"Aliugua?"

"Ghafla, Bwana Mkuu."

Alimpa mkono. Alimshika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akimtazama usoni, na Atuganile hakuweza kujua kama anamfariji au anampima. "Siku tatu," alisema. "Hadi Jumamosi saa sita mchana. Mnajua utaratibu."

*

Watu wa Lusekese walivuka daraja Jumatano hiyo hiyo na Alhamisi, wenye mashuka mabegani, wenye vyungu, wenye watoto migongoni. Askari walihesabu vichwa na kutoa pole. Jeneza lilibebwa na wanaume wanane. Ndani yake mlikuwa na mapande ya mgomba, na wabebaji, ambao walijua, walilalamika kwamba marehemu ni mzito kuliko alivyokuwa akionekana. Subilaga alilia kwa sauti iliyowafanya hata wasiomjua wafute macho. Baadaye alimnong'oneza wifi yake kwamba alianza kwa kuigiza, na kwamba katikati alishindwa kujua aache vipi.

Marehemu mwenyewe hakukaa Ilindi. Askari wa daraja hawakuwa na namba yake. Kwa kuwa hakuhesabiwa popote, hakuzuiwa popote. Alirudi Lusekese, mtu pekee juu ya mteremko mzima, akakaa mezani na kile kikombe. Alipiga simu kila baada ya saa nne. Alhamisi maji yalikuwa yameuacha mstari kwa kucha mbili. Ijumaa asubuhi mlango wa jikoni ulifunguka wenyewe na fremu yake ikakatika.

"Toka humo," alisema Atuganile.

"Nani atakuambia, nikitoka? Wewe ulisema hayana mahali pa kuandikwa. Basi niandike mimi."

Ijumaa jioni Mizani ilisema inanyesha. Nje kulikuwa kukavu. Kule Ilindi watu wa Lusekese walikaa chini ya maturubai ya matanga wakiitazama mbingu, na baadhi wakaanza kusema kwamba huenda yule dada mtu amewatoa majumbani bure, na kumfukia mdogo wake akiwa hai kwa sababu ya tarakimu. Atuganile, aliyekuwa nao matangani, alizisikia kauli hizo. Kwa saa kadhaa alitamani, kwa aibu, mvua inyeshe.

Ilianza Jumamosi alfajiri, ikiwa imechelewa saa kumi, na haikuanza kidogo kidogo.

*

Kamati ya Bonde ilikutana saa nne asubuhi. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja, na mvua ilipiga bati la ukumbi kwa nguvu iliyomlazimu Mwenyekiti kurudia maneno yake. Ajenda ya kwanza, vikombe vilivyovunjika mpini, ilichukua dakika arobaini, kwa kuwa mjumbe mmoja alitaka kujua kama bilauri zimejumuishwa. Ajenda ya pili ilikuwa ripoti ya Bi Mwasomola.

Aliulizwa maswali matatu. La kwanza: je, hesabu ya maji imewahi kukosa kufungwa? Alisema haijawahi. La pili: je, kiini 4417 kimewahi kuonyesha dalili ya hatari kwenye Mizani? Alisema hakiwezi kuonyesha, na alipoanza kueleza sababu, Mwenyekiti alimshukuru. La tatu lilitoka kwa Bwana Mbembela.

"Bi Mwasomola. Wale waombolezaji. Wakiongezewa siku, kwa mfano, kuna kifungu?"

"Hakuna, Bwana Mkuu. Labda kifo kingine."

Alimtazama kwa muda. Atuganile aliona uso wa mtu aliyefika ukingoni mwa maandishi, akachungulia chini. Kisha Bwana Mbembela aliinamisha kichwa akaandika kitu, na alichoandika hakikusomwa na mtu.

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Atuganile. Kinyume cha taratibu za kikao, aliitoa. Ujumbe ulikuwa mfupi.

"Kikombe kimeanguka, dada. Nimeenda kukiokota, na meza nayo inakuja."

Alisimama. Mwenyekiti alimwomba aketi, kwa kuwa uamuzi ulikuwa tayari, na kwa mujibu wa kanuni uamuzi husomwa watu wote wakiwa wameketi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Katibu alisogeza kipaza sauti karibu na mdomo ili aishinde mvua, akasoma.

"Kamati, baada ya kupokea ripoti na kuijadili kwa kina, inampongeza mtunza baki kwa umakini wake na imeamua kama ifuatavyo. Kwa kuwa kiini 4417 kimelalamikiwa, baki la kila siku halitakatwa tena humo. Kuanzia kesho litakatwa katika kiini 4418, Ilindi, ambacho hakina historia ya malalamiko. Waombolezaji waliomo Ilindi, ambao muda wao unakwisha leo saa sita, warejee makwao Lusekese kwa utulivu, na daraja libaki wazi hadi wa mwisho wao avuke. Kamati inatoa pole kwa familia ya marehemu Ambokile Mwasomola, na inaelekeza kwamba nafasi ya kilo sabini na nane iliyoachwa wazi katika kiini 4417 itangazwe, na ipewe mwombaji wa kwanza mwenye sifa."